Nyota Niliyoipima Upande Mmoja

Baba yangu alipima sukari kwa miaka mingi katika duka la ushirika pale Zagayu, na sijasikia mtu aliyewahi kurudi na kifurushi akilalamika. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu watu wakisikia kwamba nilisomea sumaku za nyota, hudhani akili hiyo niliipata ng'ambo. Akili niliipata dukani. Kilichonishinda ni kuitumia.

Mizani ya duka ilikuwa ya sahani mbili. Jiwe la kilo lilikaa kulia, sukari kushoto. Sahani zikishasimama sawa, wauzaji wengine humimina sukari kwenye karatasi na kumwita mteja anayefuata. Baba hakufanya hivyo. Aliihamishia sukari kulia, akalileta jiwe kushoto, akasubiri tena. Alikuwa akisema kwamba mkono mmoja wa mizani ukimzidi mwenzake hata kwa unywele, ukipima mara moja mizani itakudanganya, na wewe utamdanganya mwenzako bila kujua. Ukigeuza, uongo wa mizani unahamia upande wa pili na unaonekana. Vipimo vyote viwili alivitaja kwa sauti, mteja asikie: "Huku kilo na kidogo. Huku kilo kasoro kidogo. Katikati yake kilo. Chukua." Sisi watoto tuliotumwa sukari tulimnung'unikia, maana foleni haikusogea, na mimi niliyekuwa mwanawe nilinung'unika kuliko wote.

Basi nikasoma. Wakati ule tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, jina la Simiyu lilikuwa la mto tu. Kutoka sekondari nikaenda chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu nikapata nafasi ya kwenda ng'ambo kuongeza digrii ya pili. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila kitu kimekuwa ruksa. Duka la ushirika lilifungwa, na pembeni yake yakafunguliwa maduka matatu ya watu binafsi yenye sabuni za rangi zote na mizani ya saa ambayo hakuna aliyejua tumbo lake lina nini. Baba akabaki na jembe, shamba la pamba na sifa yake.

Huko nilikokwenda, profesa wangu alikuwa akipima nguvu za sumaku za nyota. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka kimoyomoyo. Nyota huwezi kuisogelea hata kwa ndoto, utaipimaje sumaku? Nikaja kuelewa, na nilipoelewa nilitaka kulia kwa furaha. Mwanga wa nyota ukiupitisha kwenye chombo kinachoutawanya rangi kama upinde wa mvua, ndani ya rangi hizo kuna mistari myeusi myembamba. Mistari hiyo ni alama za madini na hewa zilizo juu ya nyota. Pale penye sumaku, mstari mmoja hupasuka. Sehemu yake moja huja na mwanga unaojizungusha kulia, nyingine na mwanga unaojizungusha kushoto, na umbali kati ya hizo mbili ndio unaokwambia sumaku ina nguvu kiasi gani. Sumaku ikiwa kali zinatengana sana. Ikiwa dhaifu zinakaribiana hadi jicho halioni kitu, na hapo inabidi ukadirie kwa hesabu.

Chombo chetu kiliugawa mwanga njia mbili, wa kulia huku na wa kushoto kule. Shida ni kwamba njia mbili haziwezi kufanana kabisa. Kioo kimoja kinaweza kuusogeza mstari kidogo kuliko kingine, nawe ukadhani ni sumaku ya nyota kumbe ni kasoro ya kioo. Kwa hiyo sheria yetu ilikuwa moja. Ukishapiga picha ya kwanza unazungusha kioo cha mbele, wa kulia upite njia ya kushoto na wa kushoto upite ya kulia, kisha unapiga ya pili. Kasoro ya chombo hubaki palepale. Cha nyota kinageuka. Profesa alipokuwa akitufundisha hayo nilitabasamu peke yangu darasani, kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya sukari.

Nilipewa siku tatu za kutumia darubini. Mbili za kwanza nilipima nyota zilizokwisha kupimwa na wengine, za kujaribia chombo, na vipimo vyote niligeuza. Ya tatu niliweka nyota yangu mwenyewe, ambayo hakuna aliyekuwa ameipima. Nilipiga picha ya kwanza. Kabla sijapiga ya pili mawingu yakafunga, yakakaa hadi zamu yangu ikaisha. Baada yangu walikuja wenyeji wa darubini na mimi nafasi yangu ikawa imekwisha.

Nilikuwa na nusu ya kipimo. Nusu ya kipimo katika kazi ile si kitu, ni sawa na kupima sukari mara moja kwenye mizani ya mtu usiyemjua. Lakini ile nusu ilionyesha mistari imetengana, na ikitengana hivyo ni kusema sumaku ipo, na sumaku ikiwepo ni kusema mimi ndiye wa kwanza kuiona. Nikachukua kasoro ya chombo ya jana yake, nikaitoa kwenye picha ya leo, nikapata gausi mia tatu na ushei, gausi ikiwa ndiyo kipimo cha nguvu za sumaku. Ningeandika hivyo hivyo pengine ningesamehewa, kwamba nimekadiria kwa kutumia kasoro ya siku nyingine. Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba namba ile ni wastani wa vipimo viwili vilivyogeuzwa. Ilikuwa sentensi moja. Niliiandika bila mkono kutetemeka, na jambo hilo linanitia aibu mpaka leo kuliko sentensi yenyewe.

Nikapewa digrii. Profesa alinishika mkono akaniambia nyota ile ina bahati. Nikarudi nyumbani katikati ya msimu wa pamba.

Nyumbani nilikuta baba ana kazi mpya isiyo na mshahara. Ushirika ulipodhoofika walikuja wanunuzi binafsi, wakafungua kituo chao cha kununulia pamba karibu na mnada wa ng'ombe, wakaja na mizani yao ya kuning'inia. Wakulima walikutana wakasema, sawa, mje, lakini mizani yenu itakuwa na mtu wetu wa kuitazama. Hawakubishana ni nani. Baba alikuwa anaamka alfajiri anakwenda na jiwe ambalo uzito wake kila mtu aliujua, anamwambia mnunuzi alitundike mbele za watu kabla ya mzigo wa kwanza. Saa sita linatundikwa tena. Mshale ukidanganya hata kidogo, kazi inasimama. Mnunuzi alikuwa hampendi, na wakulima walikuwa wakicheka na kusema mzee huyu hata malaika wa hukumu atamwambia ageuze.

Jumapili yangu ya kwanza walichinja mbuzi. Walikuja majirani, ndugu na walimu wangu wa zamani. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kutoka Nyashimo na kuku wawili. Kina mama walipiga vigelegele. Baba alivaa koti ambalo sikuwahi kumwona nalo, la mitumba, lenye mabega makubwa kuliko yake. Watu walipokwisha kunawa akaniita mayu, yaani mama, kama Wasukuma tunavyowaita mabinti zetu: "Sasa mayu, waeleze. Umepima nini huko?"

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, najua kueleza. Mwanga wa kulia na mwanga wa kushoto, mistari, kutengana. Mtu mmoja akauliza kama sumaku ya nyota inaishinda ya spika ya redio. Nikamwambia hapana, hata ukisimama juu ya nyota yangu, sumaku ya spika ni kali zaidi, isipokuwa nyota ni kubwa mno. Akasema basi redio yake inaishinda nyota, asimame nani amwambie kitu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nilikuwa nimelewa sifa bila kugusa pombe.

Baba hakucheka. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, kama sahani. Aliuelewa mwanga wa kulia na wa kushoto kabla ya mtu mwingine yeyote pale. Akaniuliza kwa upole, jinsi mtu anavyomuuliza mwenzake wa kazi:

"Na uligeuza?"

Nilimtazama machoni.

"Niligeuza, baba."

"Ukapata ngapi?"

"Gausi mia tatu na ushei."

Akainamisha kichwa taratibu kukubali. "Haya," akasema. "Sasa watu wale nyama." Akateremsha mikono, akaanza kuwagawia wageni nyama. Niliona nimevuka.

Siku ya pili yake, Jumatatu, nilipanda gari kwenda Mwanza kuanza kazi ya kufundisha fizikia chuoni. Wiki iliyofuata nikapata barua ya shangazi kwamba baba ameacha kutazama mizani, amewaambia wakulima macho yamekuwa mabovu. Nilimhurumia. Nikanunua miwani mizuri, nikaituma kwa mtu anayeaminika hadi Bariadi mjini, ikamfikia. Alinishukuru kwa ufupi: "Wabeja, mayu. Nimeipata."

Nilikwenda nyumbani mara nyingi miaka iliyofuata na sikuiona miwani ile usoni pake hata mara moja. Siku moja nilimkuta amekaa nje anasoma kitabu cha nyimbo za kanisani, chapa yake ndogo kama mbegu za ulezi, na anasoma bila kitu machoni. Aliniona nikimwona. Alifungua ukurasa mwingine akaendelea. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilijitia hamnazo, nikauliza habari za mvua. Jambo jingine nililojitia kutoliona ni kwamba hakuitaja tena ile nyota. Majirani walipoanzisha hadithi ile, aliinuka akaenda kutazama ng'ombe. Nilijiambia kwamba wazee wa kwetu hawapendi kujisifia watoto.

Mwaka wa nne ikaja barua ya profesa. Barua ndefu, ya adabu. Mwanafunzi mwingine alikuwa amepewa nyota yangu kama kazi yake ya digrii, ameipima kwa karibu mwaka mzima, akigeuza kila mara, na hakupata kitu. Nyota huzunguka, kwa hiyo sumaku yake inaweza kutuelekea leo na kutupa kisogo wiki ijayo. Walikuwa wamefikiria hilo, wamepima siku za kila aina, hakuna. Mwanafunzi yule alikuwa ameanza kuamini kosa ni lake, na alikuwa anafikiria kuacha masomo. Je, ningeweza kumtumia picha zangu mbili za mwanzo, wazilinganishe?

Picha mbili. Nilikaa na barua ile siku tano. Siku ya sita nikamwandikia profesa ukweli wote, kwamba picha ni moja, mawingu yalikuja, sentensi nilitunga. Nikamwomba amwambie yule mwanafunzi mapema iwezekanavyo. Kuiweka barua kwenye sanduku la posta kulinitoa jasho, lakini nakiri ilikuwa aibu nyepesi. Watu wale walikuwa mbali. Jibu lilikuja kwa mistari minne: wamepokea, namba itafutwa, mwanafunzi anaendelea, ahsante kwa kusema.

Nikajiona nimetubu nusu. Iliyobaki ilikuwa kumwambia baba. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi la barabara ya Musoma, nikashuka Nyashimo kumsalimu shangazi kwanza. Kusema kweli nilikuwa natafuta kuchelewa.

Shangazi alikuwa anachambua mchele. Ni mtu asiyezunguka, na nilipomwambia nakwenda kumwona baba na macho yake, aliweka ungo chini.

"Macho gani, mayu? Wewe nawe unasema macho?"

"Si ndiyo yaliyomtoa kwenye mizani?"

"Huko Zagayu wanasema alikula na mnunuzi, akapewa chake afumbe macho."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza yote, na alinieleza kama mtu aliyechoka kuyabeba peke yake. Msimu ule baba alipoondoka, hakuna aliyechukua nafasi yake kwa maana ya kuichukua. Kijana wa jirani alisimama pale siku mbili tatu, akapewa soda, akaondoka. Mwisho wa msimu mkulima mmoja alikuwa na wasiwasi, akalifunga furushi lake la mwisho kwenye baiskeli, akalipeleka Bariadi mjini kulipima kwingine kabla ya kulipeleka kituoni. Mizani ya kituo ilikuwa inakula, yaani inasoma kilo pungufu. Watu wakahesabu nyuma kwa stakabadhi zao: ilianza kula lini? Wakakuta ni wiki ileile mzee wa jiwe alipopata ugonjwa wa macho, tena ugonjwa usiomzuia kusoma nyimbo kanisani. Wakaunganisha. Hakuna aliyemwambia usoni. Waliacha tu kumwita kwenye vikao, na kwenye harusi wakawa wanamkalisha nyuma.

"Yeye anasemaje?" niliuliza.

"Hasemi. Nimemuuliza mimi, dada yake, akanyamaza. Lisemwalo lipo, mayu, na mimi linaniuma, maana sijui nimtetee kwa lipi."

Kesho yake nilifika nyumbani mchana. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anabangua karanga za mbegu. Tuliamkiana, nikamsaidia kubangua, na nilipoona mikono yangu ina kazi ya kufanya nikasema. Nilisema yote bila kupumzika: mawingu, picha moja, sentensi, Jumapili ile ya mbuzi, barua ya profesa. Nilimwambia, "Baba, sikugeuza."

Hakuacha kubangua. "Nilijua," akasema.

"Profesa alikuandikia?"

"Profesa atanijulia wapi? Nilijua siku ileile. Mtu aliyegeuza hutaja vipimo viwili, hata usipomuuliza. Vinamkaa mdomoni. Mimi nilikuuliza ngapi, ukanitajia kimoja."

Nilitaka ardhi inimeze, na natumia maneno hayo ya kila mtu kwa sababu sina mengine. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Wageni walikuwa wameshanawa. Na wewe ni mwanangu. Nikanyamaza." Akapuliza maganda kutoka kiganjani. "Sasa asubuhi nikaenda kituoni. Mnunuzi akatundika jiwe, mshale ukakaa mahali pasipo pake. Kidogo tu. Nikataka kumwambia, shusha, tundika tena. Ulimi ukawa mzito. Nikaona jana nimeinamisha kichwa mbele ya kipimo cha uongo, nimegawa nyama juu yake, leo namwambia mtu wa watu ashushe? Nilisimama hapo siku mbili. Ya tatu nikasema macho."

"Ungewaambia tu kwamba mshale haukai."

"Ningewaambia," akasema. "Hapo ndipo penye kosa langu, usilichukue na hilo. Nilidhani watapata mwingine wa kusimama, asiye na doa. Hawakupata."

Ilibidi nimuulize. "Unajua wanasema nini?"

"Naishi nao."

"Na hukujitetea."

"Kwa kusema nini? Kwamba sikula na mnunuzi, nilikuwa naona aibu kwa ajili ya mwanangu? Wangeniuliza aibu gani."

Niliwahi kusikia watu wakisema waliwalilia wazazi wao magotini. Mimi sikulia. Nilibangua karanga kama mtu aliyeajiriwa. Nilikuwa naona hesabu yote mbele yangu kwa mara ya kwanza, na haikuwa na gausi ndani yake. Nilikuwa nimedhani uongo wangu uko juu kule, kwenye nyota isiyo na mtu, usiomdhuru hata sisimizi. Kumbe ulikuwa umeshuka siku ya pili tu baada ya karamu ile, ukaingia kwenye mizani ya pamba, ukawalia kina mama wa Zagayu kilo zao, na ukaliandika jina la baba yangu mahali ambapo lilipaswa kuwa la mnunuzi. Na mimi katikati ya yote nikamtumia miwani.

"Nitakwenda kituoni kesho," nikasema. "Nitawaambia wote."

"Sikuzuii. Lakini umechelewa, mayu. Watasema nimekutuma."

Asubuhi nilikwenda. Ulikuwa tena msimu wa pamba, mnunuzi alikuwa mwingine, na mizani ilikuwa mpya. Foleni ilikuwa ndefu, kina mama wamekaa juu ya mafurushi yao, wanaume wanabishana kama pamba ya mtu fulani ni safi au ni fifi, ya daraja la chini. Niliwasalimu, "Mwangaluka," wakaitikia kwa furaha, maana mimi ni mtoto wa pale na nimesoma. Nikaomba kusema neno. Hata karani wa mnunuzi aliacha kalamu.

Niliwaambia ukweli kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokataa nikatumia Kisukuma. Niliwaambia kwamba Jumapili ile ya mbuzi niliwadanganya wao wote, kwamba sikuipima nyota inavyopimwa. Kwamba baba alinijua na akanyamaza kwa ajili yangu, na kunyamaza huko ndiko kulikomtoa kwenye mizani. Kwamba hakuwahi kula na mtu. Nilisema polepole, na ninapokumbuka najua nilisema vizuri, kama nilivyosema vizuri Jumapili ile.

Kisha akasimama mzee mmoja, yule aliyelipeleka furushi lake Bariadi kwa baiskeli. Hakuwa na hasira hata chembe. Alivua kofia.

"Mayu," akasema, "tumekusikia. Kumbe mtu anaweza kusoma hadi nyota na bado akakumbuka kumfunika baba yake. Mtoto wa namna hiyo ana baraka. Sisi na mzee hatuna neno, yaliyopita yamepita."

"Simfuniki," nikasema. "Nasema kilichotokea."

"Ndivyo anavyosema mtoto mwema," akanijibu, na watu wakaguna kwa kukubali. Mama mmoja aliyekaa juu ya furushi lake alipiga kigelegele kifupi. Mwingine akanishika mkono akasema "wabeja," akanitakia nami nizae mtoto kama mimi. Karani akaita jina lililofuata, mzigo ukatundikwa, na hakuna aliyekuwa amesimama kando ya mizani.

Nilijaribu tena kwa mtu mmoja mmoja. Niliwaambia kuna barua ya profesa, ningeweza kuileta. Walitabasamu. Barua ya Kizungu kuhusu nyota, ingemsaidia nini mtu aliyeibiwa kilo zake za pamba? Walikuwa na vipimo vyao tayari, siku mzee aliyoondoka na siku mizani ilipoanza kula, na vililingana.

Nilirudi nyumbani jua likiwa kali. Baba alikuwa palepale na karanga zake.

"Wamesemaje?" akauliza.

Nilimwambia wamenisifu. Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea ungo, tukaendelea kubangua. Aliishi miaka sita baada ya siku ile, na katika miaka hiyo sita kwenye harusi waliendelea kumkalisha nyuma. Mimi mwanawe, kila nilipokuja, walinisogeza mbele.